Mwenye Lambo na Watu Walio Chini Yake

Lugha ya Kiswahili ina methali mbili ambazo aghalabu husemwa na watu wale wale, wala hapana aonaye kuwa zinapingana. Ya kwanza yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili yasema: ajali haina kinga. Methali ya kwanza husemwa kabla ya hasara, na ya pili baada yake. Mtu aliyepuuza ufa wa ukuta wake huonywa kwa ile ya kwanza, na ukuta ukisha kuanguka hufarijiwa kwa hii ya pili. Ikiwa ukuta ni wake, na nyumba ni yake, na aliyelala chini ya ukuta ni yeye mwenyewe, mapatano haya ya methali mbili hayamdhuru mtu mwingine, na falsafa haina sababu kubwa ya kuyaingilia. Lakini ziko kuta ambazo mwenyewe hukaa upande mmoja, na siku zinapoanguka huwaangukia watu wa upande wa pili.

Tuta la lambo ni ukuta wa namna hiyo. Katika Mkoa wa Mwanza, toka Magu na Kwimba hata Misungwi na Sengerema, lambo ni jambo la kila siku. Mtu hutafuta bonde jembamba ambamo maji ya mvua hupita, akalikinga kwa tuta la udongo ulioshindiliwa, akaacha pembeni njia ya maji ya ziada. Njia hiyo mafundi huiita utoro, kwa kuwa ndipo maji yanapotorokea bila kulidhuru tuta. Mgeni aweza kustaajabu kuona watu wanaoishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika wakihangaika kukinga vijito. Ila ziwa liko chini na ng'ombe wako juu, na kati ya Juni na Septemba mikondo midogo hukauka kabisa, na mchungaji hawezi kuwapeleka ng'ombe ziwani kila siku na kuwarudisha jioni. Kwa hiyo lambo ni neema. Ye yote anayeliandika kama hatari tu hakuwahi kuliona lambo mwezi wa Septemba, ng'ombe wa kaya arobaini wakiwa wamejipanga kando yake.

Zamani malambo mengi ya kanda hiyo hayakuwa mali ya mtu mmoja. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulijenga malambo kwa wingi, yakawekwa chini ya mamlaka za wenyeji na watemi wao. Pamoja na maji zilikuja amri: kulima kwa matuta, kupunguza mifugo, kutokata miti hapa, kutolisha pale, na faini kwa asiyetii. Chuki iliyozaliwa na amri hizo ni sehemu ya historia ya siasa ya nchi ile, ambako TANU ilipigwa marufuku mwaka 1954. Habari hiyo yatajwa hapa kwa sababu moja. Katika kumbukumbu za wazee, mtu aliyekuja kukagua ardhi ya mwenzake hakuwa mtu wa kuleta usalama. Alikuwa mtu wa kuleta faini. Anayetaka kuelewa kwa nini mwenye lambo wa leo hafurahi kumwona mkaguzi, asianze kwa kumwita mjinga.

Leo, pamoja na malambo ya vijiji, yako ya watu binafsi. Mfugaji aliyeuza ng'ombe hukodi tingatinga siku chache akapata lambo lake; mkulima wa mboga hukinga bonde nyuma ya shamba; mwingine hupandikiza sato na kambare. Na chini ya tuta, penye unyevu, watu hulima mpunga katika majaruba, kwa kuwa hapana mahali pengine penye udongo mzuri kama pale. Baada ya majaruba hufuata kibanda cha kulinda ndege, na baada ya kibanda hufuata nyumba.

Udogo wa lambo hudanganya. Lambo lenye eneo la hekta 1 na kina cha wastani cha mita 2 lina mita za ujazo 20,000 za maji, na kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 1. Kama mzigo huo ungepakiwa katika malori ya pamba ya tani 10, yangehitajika malori 2,000. Wahandisi wa dunia wamepatana kuliita bwawa kubwa lile lenye tuta la mita 15 kwenda juu, au lile la mita 5 hadi 15 likiwa limekinga zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Lililo chini ya hapo ni dogo, wala haliandikwi katika daftari lao. Mtu aliyelala bondani hana faida na mgawanyo huo. Malori 2,000 yakimjia kwa dakika chache, hatajali kuwa aliyeyatuma ni tajiri mdogo.

Yafaa kueleza jinsi tuta la udongo linavyokufa, kwa maana hukumu ya maadili yategemea sana jambo hili. Ni mara chache tuta hufa bila kutoa taarifa. Njia moja ya kifo chake ni maji kupita juu yake. Ng'ombe huvuka juu ya tuta kila siku mahali pale pale, kwato zao zikachimba mgongo wake kidogo kidogo, mpaka pakawa na bonde la kina cha mkono mmoja. Ikija mvua kubwa ya kulijaza lambo, maji hupata mlango pale, na tuta la udongo likisha kupitwa na maji juu yake huliwa kwa saa chache kama sukari. Utoro ndio uliowekwa kuzuia jambo hilo. Lakini mwenye lambo, kwa tamaa ya kuongeza maji ya kiangazi, huweka mawe na viroba vya mchanga katika utoro. Au, kwa kuogopa samaki wake wasiende na maji, hutega wavu, na wavu hunasa majani na matawi hata ukawa ukuta.

Njia ya pili imefichika zaidi. Maji hutafuta tundu ndani ya tuta. Huenda tundu hilo likawa la panya, au la mchwa waliojenga kichuguu ubavuni, au nafasi iliyoachwa na mzizi wa mti uliokufa. Maana watu wengi hudhani kuwa mti hulitia tuta nguvu, ilhali nyasi fupi ndizo zinazolifaa. Udongo mweusi wa mbuga nao hupasuka wakati wa jua, na nyufa zake huingia ndani kuliko macho yanavyofika. Maji yakipenya, hutokea upande wa nje, chini ya mteremko. Hapo iko dalili moja ambayo mtoto aweza kufundishwa kwa dakika moja. Maji yanayochuruzika yakiwa safi, tuta lavuja lakini haliendi po pote, na ni la kutazamwa. Maji yakiwa ya tope, tuta lenyewe ndilo linalotoka.

Sasa swali. Mwenye lambo aliyeacha mambo haya yote, asikate mti, asizibue utoro, asijaze bonde la kwato, hutenda kosa lini? Siku tuta linapobomoka, au kila siku ambayo halijabomoka?

Jibu la watu wengi, kama linavyoonekana katika matendo yao, ni siku linapobomoka. Kabla ya hapo hapana mashtaka, hapana hasira, wala hapana mtu anayekataa kumpa mkono mwenye lambo msibani. Baada ya hapo huitwa muuaji. Lakini matukio mawili ya nchi hizi za Afrika ya Mashariki yaonyesha udhaifu wa jibu hilo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katika masika makubwa, tuta la bwawa la shamba la mtu binafsi lilibomoka huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Maji yaliteremka juu ya nyumba zilizokuwa chini, na watu wasiopungua 47 walikufa, watoto wengi miongoni mwao. Na tarehe 7 Novemba 2022, si mbali na Mwanza, ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Tope lilitoka nje ya eneo la mgodi, likafunika mashamba na kuharibu nyumba za wanavijiji, wala hakufa mtu. Bwawa la mgodi si lambo la shamba, na sababu za kubomoka kwa moja si lazima ziwe sababu za kubomoka kwa jingine. Hata hivyo mtu aweza kuuliza: tofauti ya idadi ya wafu ilitoka wapi? Saa ya siku, mteremko wa ardhi, na mahali watu walipojenga ni mambo makubwa katika hesabu hiyo. Basi ikiwa lawama hupimwa kwa wafu, lawama hugawanywa na mteremko.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili jambo hili chini ya jina la bahati katika maadili, na tangu hapo halijaacha kuwasumbua wasomi. Wako wasemao kwamba hatuwezi kuikwepa bahati. Mtu aliyeua kwa uzembe lazima ahisi yale asiyoyahisi aliyezembea bila kuua. Hilo ni kweli kuhusu majonzi. Si lazima liwe kweli kuhusu kosa. Wenye malambo mawili yenye utoro ulioziba kwa namna moja, mwaka mmoja, mvua ikampiga mmoja na kumpita mwingine, wamewafanyia watu walio chini yao jambo lile lile: wamewaweka mahali ambapo uhai wao unategemea wingu. Aliyeepukana na mvua hana wema zaidi. Ana deni ambalo halijadaiwa.

Hapa yafaa kukumbuka mfano uliotolewa na William Kingdon Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1877. Alimweleza mtu mwenye meli kuukuu, anayekaribia kuipakia wahamiaji. Moyo wake wamwambia kuwa meli haifai, lakini matengenezo yana gharama. Basi anajifariji kwa kukumbuka kuwa meli imekwenda na kurudi salama mara nyingi, mpaka anaamini kwa moyo safi kuwa itafika. Meli inazama. Clifford asema kuwa mtu yule ana hatia ijapokuwa imani yake ilikuwa ya kweli moyoni, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Na kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe. Katika mji wa Mwanza, ambao tarehe 21 Mei 1996 ulipokea maiti za mamia ya abiria wa MV Bukoba, mfano wa meli hauhitaji kufafanuliwa sana. Lakini lambo laukaza mfano huo. Meli hufanya safari, na kila safari huanza kwa uamuzi: ing'oe nanga au isubiri. Lambo halina nanga. Uamuzi wake hufanyika kila usiku bila mtu kuufanya, na kwa hiyo mwenyewe huweza kuishi miaka ishirini akiamini kuwa hakuamua lo lote. Tena kila mwaka unaopita salama humpa hoja mpya ya kutolitazama, ilhali tuta la udongo lisilotunzwa huwa dhaifu kwa miaka, sio imara. Ushahidi anaoushika mkononi ndio unaozidi kumwonya.

Yapasa pia kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa katika mabaraza na hata mahakamani: kulipa na kulaumiwa. Sheria za kale zilitambua deni la kulipa mapema sana. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, mtu aliyezembea kuimarisha ukingo wake, maji yakavunja na kuchukua mazao, alilazimika kurudisha nafaka iliyopotea. Akishindwa, aliuzwa yeye na mali yake, na wakulima waliopata hasara wakagawana fedha. Sheria ya Kiingereza ilikwenda mbali zaidi. Huko Lancashire, John Rylands, mwenye kiwanda, aliajiri watu wenye ujuzi wamjengee bwawa. Walikuta mashimo ya kale ya mgodi chini ya ardhi, wasiyazibe vema. Mwaka 1860 maji yakapita humo na kuufurikisha mgodi wa jirani yake, Thomas Fletcher. Rylands mwenyewe hakuzembea cho chote. Hata hivyo mwaka 1868 baraza la juu la nchi ile lilimpa Fletcher haki, kwa kanuni kwamba anayeleta katika ardhi yake kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, hukifuga kwa dhima yake mwenyewe. Kwa kuwa Tanganyika ilipokea kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kanuni hiyo imo katika urithi wa mahakama za Tanzania.

Kanuni hiyo ni ya haki, lakini yakomea kwenye malipo. Yaweza hata kuleta madhara ikieleweka vibaya, kwa maana tajiri aweza kusema moyoni: nitalipa ikitokea. Yuko anayefikiri kuwa amekwisha kununua hatari ya jirani yake kwa fedha ambayo hajaitoa. Jirani hakuuza. Na wafu wa Solai hawakupata faida ya kanuni yo yote: mwezi Julai 2018 watu kadhaa, wakiwamo mwenye shamba na maofisa wa serikali, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, mwezi Februari 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendesha kesi, baadaye Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Hapa si mahali pa kusema nani alikuwa na hatia. Yatosha kuona kuwa haki inayongoja maafa hufika ikiwa imechoka.

Ikiwa kosa huanza kabla ya maafa, basi ni kosa gani hasa? Kusema kwamba ni uzembe hakutoshi, kwa maana mtu huweza kuzembea shamba lake na lisiwe kosa kwa mtu. Jibu limo katika umbo la tuta lenyewe. Tuta hugawanya maji, lakini hugawanya pia ujuzi na uwezo. Uwezo wa kutengeneza uko juu, kwa mwenye lambo: udongo ni wake, utoro ni wake, fedha ni yake, na mtu mwingine akikata mti juu ya tuta lake atashtakiwa. Ujuzi uko chini. Msichana aendaye alfajiri na ndoo penye chemchemi iliyozuka chini ya mteremko ndiye wa kwanza kujua kuwa maji yamegeuka rangi. Mlinzi wa mpunga ndiye aonaye kuwa jaruba la juu lina maji wakati wa jua, ingawa hapana aliyelimwagilia. Wala hawajui maana ya wanayoyaona, kwa kuwa hapana aliyewaambia. Na wakijua, waende kumwambia nani, naye apokee vipi neno la msichana mwenye ndoo?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Johnstown, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Bwawa la udongo la South Fork, ambalo halikuwa dogo, lilinunuliwa mwaka 1879 na klabu ya matajiri waliotaka mahali pa kuvua samaki na kupumzika. Mabomba ya chini ya kutolea maji yalikuwa yamekwisha ng'olewa na kuuzwa na mmiliki aliyetangulia; klabu haikuyarudisha. Mgongo wa tuta ulipunguzwa ili magari ya farasi yapishane, na penye utoro waliweka vizuizi ili samaki wasitoroke. Mwaka 1880 Daniel Morrell, mkuu wa kiwanda cha chuma cha Johnstown, alimtuma mhandisi John Fulton akalitazame. Fulton aliandika kuwa bwawa halina njia ya kupunguza maji kwa matengenezo. Morrell hata akajitolea kuchangia gharama. Mkuu wa klabu, Benjamin Ruff, alijibu kwamba watu wa Johnstown hawamo katika hatari yo yote. Tarehe 31 Mei 1889 bwawa lilibomoka na watu 2,209 wakafa.

Katika kisa hicho hatia nzito kuliko zote ni jibu lile. Mabomba yaliyouzwa yalikuwa kosa la mtu mwingine. Vizuizi vya samaki vilikuwa upumbavu. Lakini jibu lilikuwa dhuluma, kwa kuwa watu wa chini walileta ujuzi na mchango wa fedha mpaka mlangoni, na mwenye uwezo akawarudisha kwa neno moja. Alijifanya mmiliki wa habari za hatari yao. Hapa ndipo ulipo mpaka wa umiliki. Mwenye lambo ana haki juu ya samaki, juu ya nyasi za tuta, na juu ya matumizi ya maji kwa kadiri ya kibali chake. Maana katika Tanzania maji yenyewe ni mali ya umma. Hatari iliyo upande wa pili wa tuta hana haki nayo. Ni ya wale ambao itawaangukia, kama vile ugonjwa ulivyo wa mgonjwa ingawa ujuzi wake ni wa mganga. Kuficha hali ya tuta, au kukataa litazamwe, au kutotaka kujua ili usiulizwe, ni kutwaa kitu cha mtu.

Iko hoja ambayo wenye malambo huitoa, na yafaa isidharauliwe. Husema: walinikuta. Lambo lilikuwapo mwaka ambao bonde lilikuwa kichaka. Watu walikuja wenyewe kulima majaruba, wakajenga, na sasa nimegeuka kuwa mtu wa hatari. Hoja hii ina nguvu kwa mtu aliyejenga nyumba ya ghorofa mita hamsini chini ya tuta akijua alifanyalo. Haina nguvu kwa mkulima wa mpunga. Huyo aliletwa na maji yale yale yanayovuja, katika nchi ambayo udongo wenye unyevu ni haba. Na mwenye lambo alimwona akija, mwaka baada ya mwaka, akanyamaza. Tena watoto waliozaliwa bondani hawakumkuta mtu wala hawakuchagua. Anayekaa kwanza hupata heshima ya kukaa kwanza. Hapati ruhusa ya kutobadilika wakati chini yake pamebadilika.

Hoja ya umaskini ni nzito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina sehemu yake juu ya usalama wa mabwawa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake mjini Mwanza. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa nchi haina sheria wala ofisi. Lakini mwenye lambo la hekta moja si klabu ya matajiri. Huenda mwaka aliopata fedha ya tingatinga ulikuwa mwaka mmoja tu maishani mwake, na mhandisi humgharimu ng'ombe kadhaa. Kanuni ya kale ya maadili yasema kuwa mtu hawajibiki kwa lisilowezekana. Ni kweli, ila isitazamwe upande mmoja. Asiyeweza kulitunza lambo lililojaa aweza kulitunza lililopungua. Kuondoa viroba katika utoro hakugharimu fedha. Kuuchimba utoro chini kwa mita moja ni kazi ya majembe ya siku chache, na humwondolea tuta sehemu kubwa ya mzigo wake. Kulipasua tuta lote wakati wa kiangazi, likiwa limekauka, ni huzuni kubwa, lakini ni huzuni iliyo katika uwezo wa maskini. Swali basi si kama ana fedha ya kulifanya lambo lake kuwa salama. Swali ni kama yu tayari kuwa na lambo dogo kuliko lile analolitamani.

Hapo huzuka ugumu ambao vitabu vya maadili, vinavyopenda watu wawili tu katika kila mfano, havikuutazama sana. Mwenye lambo akishika jembe apunguze utoro, wa kwanza kuja kumsihi asifanye hivyo si tamaa yake, ni jirani zake. Kaya arobaini zanywesha ng'ombe hapo bila malipo. Kwato zao ndizo zilizochimba mgongo wa tuta. Kwao mita moja ya maji ni mwezi wa Septemba mzima. Watu wa kando wataka maji yabaki juu. Watu wa chini wataka yashuke. Na aghalabu hao si watu wale wale, hata kama ni wa ukoo mmoja. Mwenye lambo aliyetaka kutenda haki ajikuta akiombwa na wengi, mchana, kwa jina la ujirani mwema, aendelee kuwatia wachache hatarini. Wachache hao hawapo katika mazungumzo, kwa sababu hapana aliyewaita.

Kwa hiyo wajibu wa wanywao haukwepeki. Aliyefaidi maji ya lambo kwa miaka kumi, akapitisha ng'ombe wake juu ya tuta, ana sehemu katika deni, ingawa hana sehemu katika umiliki. Usukuma haikosi mila za kazi ya pamoja: vikundi vya vijana chini ya basumba batale vilijulikana kwa kulima na kuvuna mashamba ya wenzao. Kujaza udongo mgongoni mwa tuta, kulichomea ng'ombe njia ya pembeni kwa miiba, kung'oa miche ya miti kabla haijawa miti, ni kazi za namna hiyo hiyo. Mwenye lambo aweza kuzidai kama bei ya maji, wala hapana atakayemwita bahili. Lakini mzigo wa kuwaita watu wa chini wabaki kwake. Ni yeye anayejua tuta liko wapi, utoro una upana gani, na mvua ya mwaka jana ilifika alama ipi. Ni yeye ambaye neno lake litawafanya waje.

Mkutano wa namna hiyo una majira yake. Mwezi wa Septemba lambo limepungua, nyufa za udongo mweusi zimefunguka, na matundu ya panya yanaonekana hata kwa mtu anayepita njia. Msichana wa ndoo aweza kusimama mbele ya wazee akaonyesha kwa kidole mahali ambapo maji yaligeuka rangi mwezi wa Aprili. Ikifika Desemba nyasi zimeota tuta zima, maji yamepanda, na mahali pale hapaonekani tena.